Shajara ya mradi: kuhamisha data za wakala wa usafiri kwenda klaudi

Wiki ya kuorodhesha

Bosi mkubwa kila kikao anauliza swali lilelile, tunahamia klaudi (seva za kukodi kupitia intaneti) lini, na mi kila mara namrudishia swali, tunahamisha nini hasa? Sio ujeuri. Huu ni wakala wa serikali wa usafiri, una leseni za madereva, usajili wa magari, ukaguzi wa magari, barabara na madaraja, ajali, ratiba za mabasi, vibali vya mizigo mizito, na kila kimoja kina mfumo wake ulionunuliwa kwa bajeti ya wakati wake na aliyekuwa bosi wakati huo. Kwenye makaratasi ya tenda mifumo yote imekaa ukurasa mmoja, safi kabisa. Tulipoanza kupita meza kwa meza tukiuliza watu "kazi yako hasa unaifanyia wapi" ndo tukaanza kuona mambo. Kila mtu ana Excel yake. Kuna database ya Access, ile programu ya Microsoft, iko kwenye kompyuta moja ya chini ya meza, ikizimwa hiyo vibali vya mizigo mizito havitoki, na huku IT hamna aliyekuwa anajua kama ipo.

Na hizi Excel sio za kudharau hata kidogo. Uingereza mwezi wa 10 mwaka 2020 karibu visa 16,000 vya korona vilidondoka kwenye hesabu za taifa kwa sababu data zilipitishwa kwenye faili la aina ya zamani, XLS, ambalo haliwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536, zilizozidi zikakatwa kimyakimya. Leo tumefungua faili la ukaguzi la ofisi mojawapo, tukashuka mpaka chini, mstari wa mwisho 65,536. Kamili. Dada wa pale akasema "mbona hilo liko hivyo toka zamani, likijaa tunaanzisha jipya". Sawa, lakini ile siku lililojaa nani aliona?

Nimeweka sheria kwenye orodha yetu: hakuna mfumo unaoingia bila jina la mtu anayeweza kusema data zake zina maana gani. Sio jina la idara. Mtu. Kolamu hiyo mpaka sasa ndo yenye mapengo kuliko zote.

Faili la usiku

Usajili wa magari uko kwenye meinfremu, kompyuta kubwa ya aina ya zamani. Kila usiku inatema mafaili ambayo rekodi zote zina upana mmoja, nafasi hizi ni namba ya usajili, zinazofuata aina ya gari, zinazofuata ada, hamna koma wala nini, na ufunguo wa kusoma uko kwenye kipande cha programu ya COBOL kinachoitwa kopibuku. COBOL ni lugha ya mwaka 1959 na watu hupenda kuicheka, mi siicheki, imelipa mishahara ya watu na kutoza kodi muda wote huo bila kelele. Shida yetu sio COBOL, shida ni kwamba kopibuku tuliyopewa sio ya toleo linalotumika, kuna nafasi kadhaa katikati zimeongezwa baadaye na hazimo.

Mkandarasi alikuja na zana yake, akalichukua faili zima akaligeuza toka EBCDIC kwenda ASCII (njia mbili tofauti za kompyuta kuandika herufi kwa namba, ya kwanza ya meinfremu) kwa mpigo mmoja. Majina yakatoka vizuri, namba za magari vizuri, ada zikatoka takataka tupu, vialama na vimaswali. Ngoja nieleze maana hili litamkuta kila anayehama kutoka huko. Kwenye EBCDIC herufi A ni C1, kwenye ASCII ni 41, kwa hesabu ya msingi wa 16, kwa hiyo maandishi unayageuza tu kwa jedwali, hamna tatizo. Ila pesa haikuandikwa kama maandishi, imefungwa, wanaita COMP-3, tarakimu mbili zinabanwa ndani ya baiti moja, na nusu ya baiti ya mwisho inabeba alama, C ni chanya, D ni hasi. Yaani 12345 inakaa kwenye baiti tatu tu, 12 34 5C. Ukiipitisha kwenye kigeuzi cha maandishi kinadhani kila baiti ni herufi, kinaibadilisha, hapo ada imekufa na hata ukigeuza kurudi nyuma huna uhakika umepata kile ulichokuwa nacho. Dawa ni kusoma kolamu moja moja kwa kufuata kopibuku, ile sahihi sasa, sio ya makumbusho.

Halafu kuna kitu kidogo ambacho kilitusumbua zaidi. Kwenye EBCDIC herufi zinatangulia tarakimu, kwenye ASCII tarakimu ndo zinatangulia. Kuna programu inasoma mafaili mawili, ya magari na ya wamiliki, yote yamepangwa kwa mfuatano, inashuka nayo sambamba ikioanisha. Tulipoipeleka upande mpya ikasema magari mengi kweli hayana wenyewe. Wenyewe wapo! Faili moja lilipangwa kwa mpango wa zamani na lingine kwa mpya, zikapishana njiani kama watu wawili wanaotafutana sokoni.

Mzee wa meinfremu

Kuna mzee mmoja hapa ambaye ukimtoa huyo mradi umekufa, na anakaribia kustaafu. Nimeomba akae na sisi badala ya kule chini. Leo nilikaa naye kwenye kolamu ya hali ya gari. Misimbo ya 1 mpaka 8 iko kwenye nyaraka. Msimbo 9 haumo, na magari yenye 9 yako kibao.

Nikamuuliza, "Mzee, hii hali 9 maana yake nini?"

"Inategemea ni ya mwaka gani mwanangu."

Akatoa kaunta buku lake. Mwanzoni 9 ilikuwa gari lililofutwa. Baadaye fomu ikabadilishwa, wakahitaji msimbo wa magari yaliyopelekwa nje ya nchi, programu haikuwa na nafasi ya tarakimu mbili, wakatumia 9 hiyohiyo kwa sababu "na lenyewe si limeondoka". Halafu wakati wa kuingiza mafaili ya karatasi, makarani waliambiwa kisichojulikana waweke 9. Vitu vitatu, nyumba moja, na cha kuvitenganisha ni tarehe ya kuingizwa rekodi ukilinganisha na tarehe alizoandika mzee kwa kalamu.

Nimepiga picha kurasa zote, kwa ruhusa yake, tukazichapa kuwa jedwali. Kwangu hii ndo kazi kubwa zaidi tuliyofanya mpaka sasa ingawa kwenye ripoti ya maendeleo haionekani popote, kule wanataka asilimia ya data zilizohamishwa. Gigabaiti unaweza kuhamisha usiku mmoja. Hii 9 huhamishi usiku mmoja.

Tumekubaliana pia kwamba hatusafishi kitu wakati wa kuhama. Data zinaenda na uchafu wake, kolamu ya asili inabaki vilevile ilivyo, pembeni tunaweka kolamu mpya yenye tafsiri yetu na tarehe tuliyoitafsiri. Kuna waliopinga, wanasema kwa nini tubebe takataka kwenda nyumba mpya. Kwa sababu siku moja kesi itaenda mahakamani na wakili atauliza rekodi ilisomekaje kabla hatujaigusa, jibu la "tuliisafisha" halitoshi pale.

Namba za chasisi

Fupi tu. Namba ya chasisi ina herufi na tarakimu 17 kwa magari ya kuanzia 1981 hivi, na haina I, O wala Q ili zisichanganywe na 1 na 0. Kwetu zenye O zimejaa. Kuzigeuza O kuwa 0 kwenye namba za 17 ni salama, tumefanya hivyo kwenye kolamu mpya. Mtu mmoja akapendekeza tukatae kila namba ambayo tarakimu ya ukaguzi, ile ya nafasi ya 9, haipigi hesabu sawasawa. Hapana. Tarakimu hiyo ni ya lazima kwa magari ya Amerika Kaskazini, watengenezaji wengi wa kwingine hawaitumii, tungefukuza magari halali kabisa. Na magari ya zamani yenye namba fupi yana haki ya kuwepo pia.

Tarehe: 01/01/1900 maana yake hatujui, 31/12/9999 maana yake haina mwisho, na 01/01/1970 maana yake kuna programu ilisoma sifuri ikadhani ni tarehe. Hizo tatu ukiziona usiamini.

Ajali zilizotokea baharini

Timu ya ramani imeweka data za ajali kwenye ramani kwa mara ya kwanza na kikundi kizima kimeangukia Ghuba ya Guinea, pale latitudo 0 na longitudo 0. Hamna barabara pale, ni maji. Ni rekodi ambazo kifaa hakikupata satelaiti kikaandika sifuri mbili. Nyingine zimepinduliwa, longitudo imekaa kwenye latitudo, na hili halitaisha leo maana hata viwango havijakubaliana, watu husema latitudo kwanza kwa mazoea, ila GeoJSON, muundo wa mafaili ya ramani, kwenye waraka wake wa kiwango RFC 7946 wa mwaka 2016 inataka longitudo itangulie. Tumeandika kipimo rahisi, nukta ikiwa nje ya mipaka ya nchi ipindue ujaribu tena, ikiingia ndani weka alama ikaangaliwe na mtu, usiirekebishe yenyewe.

Ila hiyo ndo sehemu rahisi. Ajali nyingi za zamani hazina nukta za ramani kabisa, zina jina la barabara na kilomita. Ajali imetokea barabara fulani kilomita 42.3. Vizuri, kilomita 42.3 ya lini? Barabara zinanyooshwa jamani. Kona ikikatwa, barabara ikafupika kwa mita mia kadhaa, kila kitu baada ya hapo kinasogea, na kama nguzo za kilomita zimepigwa upya basi 42 ya leo ni sehemu nyingine na 42 ya zamani. Mahali palipoua watu wengi miaka ya nyuma ukipaweka kwenye ramani ya leo bila kujua historia, alama inaangukia kipande kilichonyooka kisicho na shida yoyote, wahandisi wanaenda wanakuta barabara nzuri, wanarudi wanasema data zenu mbovu. Data sio mbovu. Zinasema ukweli wa barabara ambayo haipo tena.

Kwa hiyo mtandao wa barabara kwenye mfumo mpya hauwi mmoja, kila kipande kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha kutumika, na ajali inasomwa kwa barabara ilivyokuwa siku ile. Hii imeongeza kazi sana na mshauri mmoja ameandika kwenye ripoti yake kwamba tunafanya mambo kuwa magumu kupita mahitaji. Nimemwomba aje akae na watu wa usalama barabarani asubuhi moja. Bado hajaja.

Saa 25:10

Ratiba za mabasi ndo zimekuwa nafuu, maana huko kuna kiwango dunia nzima inakitumia, GTFS, kilianza 2005 kwa Google na TriMet ya Portland, Marekani. Ni mafaili ya maandishi ndani ya zip, stops.txt, routes.txt, trips.txt, stop_times.txt na wenzake, mtu yeyote anaweza kulifungua akasoma. Kilichowashangaza vijana ni muda wa 25:10:00. Wakadhani kosa, wakataka kufuta. Sio kosa, ni basi la usiku, safari imeanza jana kabla ya saa sita ya usiku na bado ni ya siku ya jana ya kazi, kwa hiyo saa inaendelea kuhesabu, 24, 25, 26. PostgreSQL, database yetu mpya, ukiipa aina ya muda wa kawaida inagoma kitu chochote kinachopita 24:00:00. Tunahifadhi kama sekunde tu na maisha yanaendelea.

Kikao cha wikendi moja

Uongozi wanataka tuhame wikendi moja, Ijumaa tunazima, Jumatatu tunaamka klaudi, waziri anakata utepe. Nimekwenda na mfano mmoja tu. Benki ya TSB ya Uingereza, Aprili 2018, walihamisha wateja wao kwenda mfumo mpya kwa mkupuo. Data zenyewe zilifika. Mfumo ndo haukuhimili, wateja kama milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao, wengine kwa muda mrefu, na Desemba 2022 wasimamizi wa fedha wakawapiga faini ya pauni milioni 48.65. Hiyo ni benki yenye hela. Sisi tukifunga kaunta za leseni nchi nzima wiki mbili nani atapokea simu?

Wamekubali tuende kipande kwa kipande, leseni kwanza kwa sababu ndo safi zaidi, usajili wa magari mwisho. Mfumo wa zamani unabaki ndo wenye kauli mpaka kila kipande kithibitike, mabadiliko yake yanafuatwa moja moja na kunakiliwa upande mpya. Utepe watakata baadaye.

Mhasibu na bili

Sikutarajia hili ndo liwe gumu. Seva ukinunua inaingia bajeti ya maendeleo, unanunua mara moja, inapigwa namba ya mali ya serikali, kila mtu anaiona. Klaudi ni bili ya kila mwezi, inaingia matumizi ya kawaida, na kiasi chake hukijui mpaka mwezi uishe. Mhasibu mkuu ameuliza kwa heshima kabisa, "mtanipa ankara ya kiasi gani mwezi wa nne mwaka ujao?" Ile fasili ya klaudi ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ya 2011 ina sifa tano na moja yake ni huduma inayopimwa kama umeme, sisi mafundi tunaiona ni faida, yeye anaiona ni hati isiyo na tarakimu. Nimemwelewa.

Tulichofanya: kikomo kwa kila idara, tahadhari ikifika nusu, na kila rasilimali lazima iwe na lebo ya mwenye nayo, isiyo na lebo inazimwa jioni bila kuulizwa. Mashine za majaribio zinajizima usiku na wikendi, maana hizo ndo zinakula hela kimya. Na tumewaonya mapema kwamba kuingiza data klaudi kwa kawaida ni bure, kutoa ndo kunalipiwa, kwa hiyo mtu asiye na sababu asijidownlodie rejesta nzima kila asubuhi ili atengeneze chati ya mistari mitatu. Alikuwepo. Sasa ana dashibodi.

Bakapu

Kuna wazo limeenea ofisini kwamba klaudi yenyewe ni bakapu. Sio. GitLab, kampuni ya waandika programu kabisa, tarehe 31 Januari 2017 walifuta database yao ya uzalishaji kwa bahati mbaya, wakageukia bakapu, wakakuta njia zote walizodhani wanazo karibu zote hazifanyi kazi, wakapoteza data za kama saa 6. Na Korea Kusini Septemba 2025 moto uliwaka kituo cha data cha serikali kule Daejeon, hifadhi ya mafaili ya watumishi wa serikali, terabaiti 858, ikateketea na haikuwa na nakala nje ya pale. Serikali, kama sisi, na teknolojia kutuzidi.

Kwa hiyo tumefanya zoezi la kurudisha, sio kuangalia kama bakapu ipo, kuirudisha mpaka mtu wa kaunta alogi aone leseni ya jana. Tumegundua jambo moja zuri kuligundua sasa: nakala zimesimbwa kama sera inavyotaka, ila ufunguo wa kuzisimbua unatunzwa ndani ya mfumo uleule tunaojifanya kwamba umekufa. Yaani sanduku limefungwa na ufunguo uko ndani. Ufunguo umehamishiwa akaunti tofauti, na nakala nyingine kwa mtoa huduma mwingine kabisa.

Sambamba

Leseni sasa zinaendeshwa pande mbili kwa pamoja na kila asubuhi tunalinganisha. Asubuhi ya kwanza idadi ya rekodi ikawa sawa na watu wakaanza kupongezana, mi nikasema subirini jumla ya pesa. Jumla ikakataa.

Sababu ya kwanza tumeipata haraka. COBOL usipoiambia ROUNDED inakata tu kinachozidi baada ya nukta, haikadirii. Mfumo mpya unakadiria. Ada ya kuchelewa inayopigwa kwa asilimia inatofautiana senti moja moja, ukijumlisha nchi nzima inaonekana. Vijana wakasema mpya ndo sahihi kihesabu. Mhasibu akasema risiti zilizokwisha toka ndo sahihi kisheria. Mhasibu ameshinda, mfumo mpya nao sasa unakata.

Ya pili imetula akili. Tofauti nyingine ilikuwa inabadilika kila siku, leo inazidi kesho inapungua, lakini ukichukua mwezi mzima inakaribia kujifuta yenyewe. Hilo ndo lilitupa harufu. Kama kitu kinapotea leo kinaonekana kesho basi hakijapotea, kimehesabiwa siku nyingine. Tukachuja kwa saa, malipo yote yenye tofauti yalikuwa ya simu, yamefanyika baada ya saa sita usiku kabla ya alfajiri. Seva za klaudi zinatumia UTC, saa ya pamoja ya dunia, sisi tuko mbele ya UTC, kwa hiyo anayelipa saa saba usiku kwa seva bado ni jana. Kaunta zimefungwa muda huo ndo maana majaribio yote ya mchana yalipita. Muda tunaendelea kuuhifadhi kwa UTC, ila neno "siku" kwenye ripoti ya mapato sasa limeandikiwa kanuni yake, na kanuni ina saini.

Ya tatu ndogo, kwa wanaotoka Oracle kama mfumo wetu wa ukaguzi: database ya Oracle maandishi matupu inayahesabu kuwa NULL, yaani hakuna thamani, PostgreSQL inaziona ni vitu viwili tofauti. Ripoti ya "magari yasiyo na maoni ya mkaguzi" ikatoka karibu tupu. Rahisi kurekebisha ukishajua.

Kaunta

Tumeenda kukaa kaunta na skrini mpya. Dada mmoja wa hapo, yuko siku nyingi, kwenye skrini ya zamani ya kijani hatazami hata kibodi, F3, tab tab, namba, enta, anaongea na mteja huku anamtazama usoni. Skrini mpya nzuri ina picha, inataka mausi. Leseni ileile inamchukua muda mrefu zaidi na foleni tunaiona kwa macho inakua. Mbunifu akaanza kueleza kwamba watazoea. Dada akamwambia, "mwanangu mi nitazoea, hao waliosimama hapo nje je?"

Tumerudisha funguo zote za F zikiwa na kazi zilezile, mpangilio wa tab unafuata fomu ya karatasi, na mausi ni hiari. Hakuna kitu cha klaudi hapo, lakini bila hiyo nisingethubutu kuwasha.

Usiku wa leseni

TTL ya DNS, yaani muda ambao kompyuta nyingine zinakumbuka anwani ya mfumo wetu kwenye intaneti, tulishaishusha siku kadhaa kabla ili tukigeuza anwani dunia isiendelee kukumbuka ya zamani. Saa nne usiku mfumo wa zamani ukawekwa kusomeka tu. Mabadiliko ya mwisho yamenakiliwa, hesabu za mwisho, idadi sawa, pesa sawa, sampuli za rekodi zimefunguliwa kwa macho pande zote mbili. Tulikuwa tumeandika mapema saa ambayo ikipita bila kukamilisha tunarudi nyuma bila mjadala, na nani anasema neno hilo, ambaye sio mimi wala bosi, ni dada wa operesheni maana yeye hana cha kupoteza kwenye sifa za mradi.

Tumegeuza. Kaunta za majaribio zikafunguka. Kisha vifaa vya askari wa barabarani vikagoma, vya zamani vyote, vipya vinaenda. Vile vya zamani vinajua TLS 1.0 tu, toleo la zamani la lugha ya kulinda mawasiliano ya intaneti, na TLS 1.0 na 1.1 zilishazikwa rasmi na waraka wa kiwango RFC 8996 Machi 2021, upande mpya haukubali hata kuvisalimia. Kwenye orodha yetu vifaa hivyo vyote vilikuwa mstari mmoja, "vifaa vya askari", kwa sababu sio mali ya wakala na aliyetujazia hakujua kwamba viko vizazi viwili. Dada wa operesheni akauliza swali moja, bila hivyo vifaa mtu anaumia? Askari anaweza kupiga simu kituoni mpaka asubuhi. Akasema tunaendelea. Mchana tumeweka lango dogo kwenye netiweki ya ndani linaloongea lugha ya zamani na vifaa na mpya na klaudi, limepewa tarehe ya kufa, na barua ya kubadilisha vifaa imeshaenda kwa wenyewe.

Wiki hii ulinganisho wa leseni uko sawa kila asubuhi. Mfumo wa zamani wa leseni bado unasomeka, hatuuzimi mpaka wakaguzi wa hesabu wafunge mwaka wao.

Tulipo

Leseni zimehama. Ratiba za mabasi zimehama. Ajali ziko nusu, zenye nukta zimeingia, za kilomita zinasubiri historia ya barabara kutoka kwa wahandisi, na michoro mingine ni ya karatasi. Vibali vya mizigo mizito tunajenga upya kabisa, hakuna cha kuhamisha pale zaidi ya rekodi.

Usajili wa magari ndo unaanza. Mzee ameongezewa mkataba baada ya kustaafu, nimeshukuru. Kopibuku sahihi imepatikana. Jedwali la tafsiri za misimbo limekamilika ila halijasainiwa, na bila saini siruhusu hata rekodi moja ivuke. Kikao ni Jumanne, ajenda ya kwanza ni nani mwenye hali 9, idara ya usajili au idara ya sheria. Nimewauliza wote wawili kwa barua pepe. Kila mmoja amenijibu kwamba ni ya mwenzake.